Mwezi Haungoji Wavu

Ufuo wa Dunga, kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Kisumu, una ratiba ambayo haijabandikwa ukutani na ambayo kila mtu anaijua. Omena huvuliwa usiku wa giza. Samaki hawa wadogo hufuata mwanga, na mvuvi huwavuta kwa taa zinazoelea juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi inakosa kazi, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Giza likirudi, inaingia majini. Juu ya ratiba hiyo ya mwezi kuna nyingine ya serikali: kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, upande wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane.

Asubuhi moja nilimkuta mzee ameketi kando ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Wenzake walikuwa wametoka ziwani na akina mama walikuwa wameshaanza kutandaza omena juani. Yeye hakwenda. Wavu ulikuwa umechanika, akaona ni heri ubaki nchi kavu kuliko kuuingiza majini ukiwa na tundu. Nikamuuliza, "Mzee, si wangekungoja siku moja tu?"

Akacheka kidogo. "Mwezi nao utaningoja, mwanangu?" Kisha akarudi kwenye sindano yake. Kesho kulikuwa na giza tena, na kesho kutwa.

Sikwenda Dunga kwa ajili ya omena. Nilikuwa Kisumu kwa sababu ya kompyuta za vituo vya afya, na nilikuwa na swali ambalo watengenezaji wa programu huria wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 20. Toleo jipya la programu litoke kwa tarehe iliyopangwa hata kama lina pengo, au lingoje mpaka pengo lizibwe? Mzee alikuwa amenijibu nusu yake. Nusu ya pili ilikuwa katika chumba cha rekodi cha kituo kimoja cha afya kando ya ziwa, nami nitafika huko.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mara nyingi wanaoiandika hawana mwajiri mmoja. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Oslo, wa tatu ni mwanafunzi anayechangia usiku baada ya masomo. Kila baada ya muda kazi yao hukusanywa, hupimwa, hupewa namba na kutolewa kwa watumiaji. Hilo ndilo toleo.

Kuna njia mbili za kuamua siku ya kulitoa. Ya kwanza ni ya matatu: gari linaondoka likijaa. Ukiwa abiria wa kwanza kupanda pale stendi ya Kisumu, kondakta atakuapia kwamba limebaki kiti kimoja, na saa nzima baadaye bado ni kiti kimoja. Njia ya pili ni ya mitumbwi ya omena. Usiku wa giza ukifika wanaondoka, na ambaye wavu wake haujawa tayari anabaki.

Kwa miaka mingi programu huria zilisafiri kwa matatu. Mradi wa Debian, mfumo endeshi unaotumika katika seva nyingi duniani, ulitoa toleo la 3.0 mnamo Julai 2002. Lililofuata, la 3.1, lilitoka Juni 2005. Karibu miaka 3 watumiaji walikaa stendi. Martin Michlmayr, aliyeuongoza mradi huo kati ya 2003 na 2005, alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge akaandika tasnifu ya udaktari, iliyokamilika mwaka 2007, kuhusu jinsi miradi ya watu wa kujitolea inavyosimamia matoleo yake.

Alichokieleza kinaeleweka haraka kwa mtu yeyote aliyewahi kusafiri na gari la mwisho la usiku. Kwa kuwa hakuna anayejua kama litakuja jingine, kila mtu anang'ang'ania hilo hilo. Watu wanabebana, mizigo inapakatwa, wengine wananing'inia mlangoni, na gari lililokuwa zima linaharibikia njiani. Katika programu, mwandishi asiyejua toleo lijalo litatoka lini hujitahidi kuingiza kipengele chake sasa, hata kama bado ni kibichi. Kipengele kibichi huleta dosari. Dosari huchelewesha toleo. Toleo likichelewa, wengine nao wanapata muda wa kuingiza vyao vibichi, na vinaleta dosari mpya. Kuchelewa kunazaa kuchelewa. Waswahili tuna methali mbili zinazovutana hapa, haraka haraka haina baraka na ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini katika mduara huu zote mbili zinakupata kwa pamoja: umengoja sana na bado umepata kitu kilichofanywa kwa haraka.

Tiba iliyopatikana ilikuwa kalenda. Mradi wa GNOME, unaotengeneza madirisha na menyu za kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, ulianza kutoa toleo kila miezi 6 baada ya mwaka 2002. Mfumo endeshi wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 na ukaiweka tarehe ndani ya jina lenyewe: 4.10, mwaka na mwezi. Tangu hapo kwa kawaida ni Aprili na Oktoba. Kiini cha Linux, kinachosimamiwa na Linus Torvalds, hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Kwa wiki 2 za mwanzo dirisha la kupokea vipengele vipya huwa wazi, kisha linafungwa, na muda wote unaobaki ni wa kusaka dosari tu. Ukichelewa dirisha unangoja miezi miwili na ushei. Lugha ya programu ya Java nayo ilijifunza kwa uchungu. Toleo la 9 lilitoka Septemba 2017, zaidi ya miaka 3 baada ya la 8, kwa kuwa lilikuwa likingoja mpango mmoja mkubwa wa kuigawa lugha hiyo katika moduli. Baada ya hapo waliamua: Machi na Septemba, kila mwaka, kilicho tayari kinakwenda.

Kalenda hii inafanya kazi kwa sababu moja ambayo naiona kuwa ndiyo moyo wa jambo lote. Mzee wa Dunga alishona wavu kwa utulivu kwa kuwa aliamini kwamba kesho kuna giza. Angeambiwa kwamba mitumbwi itarudi majini siku isiyojulikana, huenda mwakani, angeuchukua wavu wake na tundu lake akapanda. Mtu hukubali kuachwa leo ikiwa ana hakika na kesho. Wako walioachwa muda mrefu sana na bado kazi yao haikupotea. Uwezo wa Linux kujibu kwa wakati uliopimwa hadi chembe za sekunde, unaohitajika katika mitambo ya viwandani na vyombo vya sauti, ulianza kuandikwa nje ya kiini mwaka 2004 hivi, na sehemu yake ya mwisho iliingia katika toleo la 6.12 la Novemba 2024. Miaka 20. Katika muda huo kiini chenyewe kilitoka mara nyingi, bila kuungoja na bila kuutupa.

Lakini kipengele kinachokosekana katika mashine ya kiwandani ni jambo moja. Kandokando ya ziwa hili, kinaweza kuwa kisanduku ambamo afya ya mtu ingeandikwa.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU. Kisumu ilikuwa asilimia 17.5, Homa Bay 19.6, Siaya 15.3. Mtu aliye kwenye dawa za ARV hurudi kliniki mwaka baada ya mwaka maisha yake yote, na kila anaporudi lazima mhudumu ajue anatumia dawa gani, alipimwa lini kiwango cha virusi, na alikosa miadi mingapi. Kwa karatasi, kituo chenye wagonjwa elfu kadhaa huzama katika mafaili yake. Faili likipotea, historia ya mtu imepotea.

Jibu la tatizo hilo lilianza kuandikwa si mbali na hapa. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, ulianza kutumika mfumo mdogo wa rekodi za kompyuta uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ugonjwa ulipowaleta wagonjwa kwa maelfu, mfumo ule ukazidiwa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Indiana waliokuwa pia waandishi wa programu, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret, wakaona kwamba kuutia viraka hakutoshi. Wakiwa pamoja na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, wakaanzisha OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Ulianza kazi Eldoret Februari 2006, na Rwanda baadaye mwaka huo huo.

Uamuzi mmoja wa siku zile za mwanzo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unagusa swali letu moja kwa moja. Mfumo wa kawaida wa rekodi una jedwali lenye safu: safu ya joto la mwili, safu ya uzito, safu ya shinikizo la damu. Ukitaka kuongeza swali jipya lazima ubomoe jedwali, yaani umngoje mwandishi wa programu na toleo lake. OpenMRS haikufanya hivyo. Iliweka kamusi. Kila swali na kila jibu ni neno katika kamusi hiyo, na rekodi ya mgonjwa ni orodha ndefu ya majibu yanayoelekeza kwenye maneno hayo. Daktari akihitaji kuuliza jambo jipya, neno linaongezwa kwenye kamusi na mstari kwenye fomu. Msimbo haujaguswa.

Pili, waliacha milango. Kazi yoyote ambayo mfumo wa msingi hauna inaweza kuandikwa pembeni kama moduli na kupachikwa. Wanaohitaji kipengele leo wanakiandika wenyewe, wanakitumia, na mfumo wa msingi unaendelea na safari yake bila kushikwa mkono. Mfano wa jinsi milango hiyo ilivyotumika uko umbali wa mwendo wa gari tu kutoka Kisumu. Kijiji cha Sauri, kaunti ya Siaya, kilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya mradi wa Millennium Villages, na kwa ajili ya mradi huo daktari Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuza kamusi ya maneno ya kitabibu inayoitwa CIEL. Leo kamusi hiyo ni msingi wa mifumo ya OpenMRS katika nchi nyingi. Kenya ilipotaka mfumo wake wa kitaifa wa kliniki za VVU, KenyaEMR, haikuanzia sifuri. Ilichukua OpenMRS, ikachukua CIEL, na shirika la I-TECH la Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Wizara ya Afya wakajenga juu yake. Kituo cha kwanza kilianza kuutumia mwaka 2012, na ndani ya miaka miwili vilikuwa zaidi ya 300, sehemu kubwa magharibi mwa nchi.

Hapo ndipo tatizo la ratiba liliporudi kupitia mlango wa nyuma. Kama kila kituo kinaweza kuongeza neno lake kwenye kamusi, baada ya mwaka mmoja vituo 300 vitakuwa na kamusi 300, na hakuna mtu Nairobi atakayeweza kujumlisha chochote. Kwa hiyo fomu na maneno vilifungashwa pamoja na programu na kupelekwa vituoni kama toleo moja, sawa kwa wote. Ni uamuzi sahihi, nami ningeufanya. Lakini bei yake ni hii: swali jipya linangoja toleo.

Nilikaa siku moja katika chumba cha rekodi cha kituo fulani cha afya karibu na ziwa. Chumba kina dirisha lenye wavu wa mbu, kabati mbili za chuma, na seva ambayo ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa juu ya matofali mawili isifikwe na maji mvua ikiingia. Afisa wa rekodi, dada mchangamfu aliyevaa sweta licha ya joto, alikuwa akiandaa ripoti ya mwezi, ile fomu ya Wizara inayojulikana kwa namba yake, 731. Kando ya kibodi alikuwa na daftari la mraba. Nikadhani ni la matumizi ya nyumbani. Lilikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: namba ya mgonjwa, tarehe, jambo lenyewe, na alama ya vema kwa wale aliokwisha kuwaingiza.

"Hawa kompyuta bado haina mahali pao," alinieleza. Mwongozo mpya wa matibabu ulikuwa umefika, wahudumu walikuwa wameshafunzwa, na mgonjwa alikuwa anaulizwa swali jipya. Skrini haikuwa na kisanduku chake. Hivyo aliandika daftarini, akingoja.

"Na toleo jipya likija?"

"Nitakaa Jumamosi mbili niwaingize wote. Nimeshawahi." Akanionyesha kurasa za nyuma, safu ya nne ikiwa imejaa vema kutoka juu hadi chini. Nikamuuliza kama hilo halimuudhi. Alifikiri. Jibu lake ndilo lililoniandikisha makala haya. Alisema kinachomchosha si daftari. Kinachomchosha ni kutojua afungue daftari la kurasa ngapi.

Elimu ya tiba haina kalenda ya programu, wala haiwezi kuwa nayo. Mpaka katikati ya mwaka 2016, mtu mzima mwenye VVU nchini Kenya kwa kawaida alianzishiwa dawa kulingana na kiwango cha chembe za CD4 katika damu yake. Julai 2016 Kenya ilibadilisha: kila aliyepimwa na kukutwa na virusi aanze dawa. Programu iliyokuwa ikikokotoa nani anastahili na nani bado, ikawa inasema jambo lisilo kweli kwa usiku mmoja, bila dosari hata moja katika msimbo wake. Kisha ikaja dawa ya dolutegravir. Mei 2018 utafiti uliofanywa Botswana ulizua hofu juu ya wanawake wanaoitumia wakati wa kushika mimba, tahadhari ikatolewa. Julai 2019, ushahidi ulipokuwa mwingi zaidi, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwemo. Ndani ya miezi 14 swali lile lile kwa mwanamke yule yule lilibadilika mara mbili.

Je, toleo lisimamishwe lingoje kila badiliko kama hilo? Hapana, nasema hivyo nikijua daftari la yule dada. Toleo linalongoja mwongozo mmoja linashikilia pia marekebisho ya dosari kumi ambazo vituo vingine vinaziugulia sasa. Na mwongozo wa pili utakuja kabla wa kwanza haujamalizwa. Matatu haijai kamwe, kwa kuwa tiba haiachi kuleta abiria.

Hata hivyo kuna vipengele ambavyo bila hivyo mtumbwi hauelei kabisa. Mwaka 2011 Kenya iliamua kuunganisha ripoti za afya za nchi nzima katika mfumo mmoja wa mtandaoni, DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na yenye mizizi katika Afrika Kusini ya baada ya 1994. Badala ya kuweka programu katika kila wilaya, data yote ingekaa katika seva moja kuu. Ilikuwa hatua ya kijasiri barani. Ofisi za wilaya zilitegemea modemu za simu, na anayejua mtandao wa miaka ile anajua unavyokatika katikati ya ukurasa. Karani aliyejaza nusu ya fomu angeipoteza yote. Watengenezaji wakaongeza uwezo wa kuhifadhi kazi ndani ya kivinjari mtandao ukikatika, kisha kuituma ukirudi. Mfumo huo wa katikati usingeweza kuishi Kenya bila uwezo huo. Ulifanyika kwa sababu watengenezaji waliyaona matatizo kwa macho yao, wakiwa nchini pamoja na watu wa Wizara, na matoleo mapya yalikuwa yakitoka mara kadhaa kwa mwaka. Kilichokosekana leo kiliweza kufika baada ya miezi michache, si miaka.

Kinyume chake pia ni kweli. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi na Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi, kikundi kidogo kikiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia kilijenga Ushahidi kwa muda wa siku chache. Ilikuwa ramani na fomu ya kuripoti ghasia. Ilikosa karibu kila kitu ambacho mhandisi makini angekidai. Lakini ramani hiyo ingekamilishwa vizuri mwezi Mei, ingekuwa na vipengele vyote isipokuwa kile kimoja cha kuwapo wakati watu wanaihitaji. Baadaye Ushahidi ilienea nchi nyingi, ikiongezewa kidogo kidogo.

Kuna jambo ambalo mijadala ya waandishi wa programu hulipita haraka, na mimi sitaki kulipita. Tarehe ya kutolewa si tarehe ya kufika. Toleo likitangazwa Nairobi asubuhi, seva iliyo juu ya matofali mawili haijui. Vituo vingi vilijengewa mfumo unaokaa ndani ya kituo chenyewe, kwa makusudi, ili mtandao ukikatika mgonjwa ahudumiwe. Faida yake ni kubwa, na gharama yake ni kwamba mtu lazima aende. Anapanda boda boda na flashi mfukoni, au anavuka kwa boti kwenda visiwani kama Mfangano. Anafika, umeme hakuna. Anangoja. Anahifadhi nakala ya data yote kwanza, maana akiiharibu hapo amefuta historia za watu. Anasasisha, anajaribu, anamfundisha afisa wa rekodi kilichohama kutoka kushoto kwenda kulia. Siku imekwisha, kituo kimoja.

Kwa hali hiyo, matoleo ya mara kwa mara yanayofurahiwa na mwandishi wa programu yanaweza kuwa mzigo kwa kituo. Kivinjari cha Firefox kilijifunza hilo mwaka 2011 kilipoanza kutoa toleo kila wiki 6. Mashirika makubwa yalilalamika kwamba hayawezi kufuata mwendo huo, na mwaka 2012 likaletwa toleo la pembeni linalotunzwa kwa muda mrefu. Ubuntu, ambayo ndiyo inayoendesha nyingi za seva hizi za vituo, ilikuwa imefanya hivyo mapema: toleo la kawaida hutunzwa miezi 9 tu, lakini kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutoka moja linalotunzwa miaka 5. Seva ya kliniki inasimama juu ya hilo la miaka 5. Ningependa mifumo yetu ya afya iige jambo hilo kwa ukamilifu: mwendo wa haraka kwa wanaoujenga, na kituo kimoja cha kusimama, kinachojulikana mapema, kwa wanaotibu.

Na tarehe ikibidi kusogezwa? Isogezwe hadharani. Toleo la kwanza la Ubuntu lililokusudiwa kukaa miaka mingi lilitakiwa Aprili 2006. Mwezi Machi Shuttleworth alipendekeza kwa uwazi lisogezwe kwa wiki 6 ili ling'arishwe, akaeleza kwa nini, likajadiliwa na kukubaliwa. Lilitoka tarehe 1 Juni, likiwa na namba 6.06. Karibu miezi mitano baadaye, Oktoba, toleo lililofuata lilitoka kwa wakati wake. Ratiba haikuvunjika kwa kuwa iliahirishwa; ingevunjika kama watu wangeachwa waamke Aprili na kukuta kimya.

Kuna kimya cha namna nyingine kinachonitia wasiwasi zaidi. Msimbo ni bure. Muda wa wanaoutunza si bure, na kwa mifumo ya VVU muda huo umelipwa kwa miaka mingi na fedha za Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, swali katika vyumba vya rekodi halikuwa tena kipengele gani kimekosekana. Lilikuwa kama kuna atakayekuja na flashi. Uhuria wa programu ulisaidia kwa kiasi chake: hakuna aliyeweza kuufunga msimbo na kuondoka na ufunguo, na Mkenya mwenye ujuzi anaweza kuuchukua leo akaendelea. Lakini lazima awepo, na alipwe, na nadhani jukumu hilo ni letu, la serikali kuu na kaunti zetu, kwa kifungu cha bajeti chenye jina lake.

Nilipokuwa natoka katika chumba kile, afisa wa rekodi alinionyesha ubavu wa seva. Mtu amebandika utepe mweupe wa hospitali, ule wa kushikizia bandeji, na juu yake kwa kalamu ya wino mzito ziko namba za matoleo, moja chini ya nyingine, kila moja na tarehe iliyowekwa na jina la kwanza la aliyeiweka. Zilizopita zimepigwa mstari. Ya mwisho haijapigwa. Chini yake pameandikwa tarehe peke yake, bila namba, ya wiki ya tatu ya mwezi uliokuwa unakuja.

"Wamepiga simu," alisema. "Wamesema watakuja siku hiyo."

Daftari la mraba lilikuwa limebakiwa na kurasa sita. Alikuwa amezihesabu.